Mwongozo kamili: moduli za Python ambazo hazipo kwenye kila mashine, jinsi ya kuzitafuta, kuzisoma na kuzitumia

Ukikaa na Python muda wa kutosha kuna siku utachukua skripti inayopiga kazi vizuri tu kwenye Linux, uipeleke Windows, ife mstari wa kwanza kabisa na `ModuleNotFoundError: No module named 'fcntl'`. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia pip. Pip haihusiki hapa. fcntl inakuja na Python yenyewe, ila inakuja pale tu ambapo mfumo wa chini ni wa jamii ya Unix, kama ambavyo msvcrt na winreg utazikuta Windows peke yake. Alafu ukienda kusoma maelezo rasmi unakuta ukurasa mfupi, orodha ya fankshoni, na sentensi inayokuambia ukasome kurasa za mwongozo za Unix, basi.

Mi nimehangaika na hizi moduli miaka kadhaa na kitu kimoja ndo kilinifungulia njia: maelezo yake yapo, ila hayako upande wa Python. Hizi moduli ni ngozi nyembamba sana juu ya mfumo endeshi, ukiita `fcntl.flock` (ya kufunga faili kwa kufuli) umeiita flock ya keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, karibu moja kwa moja, kwa hiyo anayejua inavyofanya kazi ni keneli, Python inapokea jibu tu na kukuletea. Ukishalielewa hilo unajua pa kwenda kusoma, na unajua pia kwa nini kitu kile kile kina tabia tofauti Linux na macOS. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: jua mashine yako ina nini

Kuanzia toleo la 3.10 kuna kitu kinaitwa `sys.stdlib_module_names`, na uzuri wake ni kwamba orodha yake ni ile ile kwenye mifumo yote, hata moduli ambazo mashine yako haina zimo ndani. Kwa hiyo unajaribu kuziimpoti zote, zinazogoma ndo ambazo huna:

```python
import importlib, sys

hazipo = []
for jina in sorted(sys.stdlib_module_names):
    if jina in ("antigravity", "this"):
        continue
    try:
        importlib.import_module(jina)
    except ImportError:
        hazipo.append(jina)
print(sys.platform, hazipo)
```

Nimeruka `antigravity` kwa sababu ukiiimpoti inakufungulia brauza, na `this` inamwaga maandishi kwenye skrini. Ukiendesha hii Linux utaona msvcrt, winreg, winsound, nt, _winapi na _scproxy (hiyo ya mwisho ni ya macOS, urllib inaitumia kusoma mipangilio ya proksi na maelezo rasmi hayaigusi kabisa). Ukiendesha Windows zitakosekana fcntl, termios, tty, pty, pwd, grp, resource, syslog, curses, readline. Angalizo tu, sio kila inayokosekana imekosekana kwa sababu ya mfumo. tkinter kwa mfano usambazaji mwingi wa Linux unaiweka kwenye kifurushi cha pembeni, kwa hiyo isome orodha kwa akili.

Hapa kuna mtego mmoja nataka uuone vizuri. Watu wengi badala ya kuimpoti wanatumia `importlib.util.find_spec("pty")` wakiona imerudisha kitu wanasema ipo. Sasa pty na tty zimeandikwa kwa Python tupu, faili zake zinakuja mpaka kwenye Windows, kwa hiyo find_spec inasema ipo, ukija kuiimpoti inakufa kwa sababu ndani yake inaitafuta termios ambayo hamna. Curses hivyo hivyo, folda ipo ila kosa litakuambia `_curses` haipo. Jibu la uhakika ni kuimpoti kweli, hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 2: soma pale maelezo yalipo

Mpangilio wangu ni huu na sijawahi kuuacha. Kwanza `help()` na `dir()` kwenye moduli, zinakupa majina. Pili ukurasa wa man (zile kurasa za mwongozo za Unix) wa ile fankshoni ya C yenye jina lile lile: `man 2 flock`, `man 3 termios`, `man 2 getrlimit`. Kwa upande wa Windows ni maelezo ya Microsoft ya fankshoni husika, mfano `_locking` au `RegQueryValueEx`. Tatu kodi yenyewe ya CPython (Python ya kawaida, iliyoandikwa kwa C): za Unix ziko kwenye folda ya `Modules` (fcntlmodule.c, termios.c, resource.c), za Windows ziko kwenye folda ya `PC` (msvcrtmodule.c, winreg.c, winsound.c). Usiogope C, faili hizi ni za kusomeka, na mara nyingi unachotafuta ni mstari mmoja tu wa kujua inarudisha nini ikishindwa. Nne majaribio yao, `Lib/test/test_fcntl.py`, `test_winreg.py` na wenzake, humo utakuta mifano hai ya matumizi kuliko ukurasa wowote wa maelezo.

Ngoja nikuonyeshe kwa karibu inavyokuwa. Moduli ya termios ina konstanti nyingi sana, ukiita `dir(termios)` utaona `TIOCGWINSZ` na `FIONREAD`, maelezo ya Python hayakuambii ni za nini. Ukifungua man ya ioctl (amri zinazotumwa moja kwa moja kwa kifaa) za teminali unakuta TIOCGWINSZ inajaza struct winsize yenye namba nne za aina ya unsigned short: mistari, safu, upana kwa pikseli, urefu kwa pikseli. Short nne ni baiti 8. Hapo hapo kodi imeshajiandika:

```python
import fcntl, struct, termios

jibu = fcntl.ioctl(0, termios.TIOCGWINSZ, b"\0" * 8)
mistari, safu, px, py = struct.unpack("HHHH", jibu)
```

Ndio, mistari na safu ungepata kwa `os.get_terminal_size()`, na ukitaka hizo mbili tu tumia hiyo, ila pikseli haikupi, na zipo teminali zinazojaza sifuri kwenye pikseli kwa hiyo angalia kabla hujagawanya. FIONREAD nayo njia ni ile ile, inakuambia ni baiti ngapi zimesubiri kusomwa. Ukishaweza kutoka kwenye jina la konstanti mpaka kwenye man mpaka kwenye struct, moduli nzima imefunguka.

Hatua ya 3: kusoma kitufe kimoja bila kusubiri Enter

Hili ndo hitaji linalowapeleka wengi kwenye hizi moduli mara ya kwanza.

```python
import sys

if sys.platform == "win32":
    import msvcrt

    def soma_kitufe():
        k = msvcrt.getwch()
        if k in ("\x00", "\xe0"):
            k += msvcrt.getwch()
        return k
else:
    import os, termios, tty

    def soma_kitufe():
        fd = sys.stdin.fileno()
        zamani = termios.tcgetattr(fd)
        try:
            tty.setcbreak(fd)
            return os.read(fd, 8).decode(errors="replace")
        finally:
            termios.tcsetattr(fd, termios.TCSADRAIN, zamani)
```

`sys.platform` ni "win32" hata kwenye Windows ya biti 64, usishangae. Upande wa Windows vitufe vya mishale na vile vya F vinakuja kwa awamu mbili, kwanza alama ya `\x00` au `\xe0` alafu namba yenyewe, ndo maana naita mara mbili. Upande wa Unix mshale wa juu unakuja kama baiti tatu, ESC, mabano ya mraba na A, kwa hiyo nasoma kwa `os.read` mpaka 8. Usitumie `sys.stdin.read(1)` hapa maana ina bafa yake, itavuta zote tatu ikupe moja, mbili zilizobaki zimefichwa kwenye bafa ya Python na ukiuliza kwa select (inayokuambia kama kuna cha kusoma) utaambiwa hamna kitu, utahangaika siku nzima.

Ile `finally` ni lazima. Programu ikifa kabla ya kurudisha mipangilio ya zamani unabaki na teminali ambayo ukiandika huoni herufi. Ikikutokea andika `stty sane` bila kuona alafu Enter, itarudi.

Na kitu ambacho sijawahi kuona mtu anakisema: `termios.error` sio mtoto wa OSError. Ukiandika `except OSError` ukadhani umejikinga, siku skripti inaendeshwa na cron (kiratibu cha kazi za Unix) ambapo hamna teminali, tcgetattr itatupa termios.error na itapita kinga yako kama haipo. Uliza `sys.stdin.isatty()` kwanza.

Hatua ya 4: kufuli la faili, na hapa tukae kidogo

Nilikuwa na skripti ya kunakili data inayoitwa na cron kila baada ya muda. Siku data zikawa nyingi, ya kwanza haijamaliza ya pili ikaanza, zote mbili zikaandika faili moja, nakala ikaharibika na nilikuja kujua baadaye sana nilipoihitaji. Nikaweka kufuli kwa `fcntl.lockf`, nikatulia, baada ya wiki likatokea tena lile lile. Kufuli lilikuwa linachukuliwa kweli, nililiona kwenye logi, ila lilikuwa linaachiwa katikati ya kazi bila mtu kuliachia.

Sababu iko kwenye man ya fcntl na wala haiko kwenye maelezo ya Python. `lockf` ya Python kwa ndani inatumia kufuli za POSIX (kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix), na kufuli za POSIX ni mali ya prosesi, sio ya ile fd (namba ya faili lililofunguliwa) uliyofungulia. Prosesi yako ikifunga fd yoyote ile inayoelekea faili hilo, kufuli zote ulizonazo kwenye faili hilo zinaondoka. Mimi nilikuwa na fankshoni nyingine ndogo inafungua lile faili la kufuli, inasoma namba ya prosesi kwa ajili ya logi, inafunga. Ilipofunga tu kufuli limeenda. `flock` haina tabia hiyo, yenyewe imefungamana na ule ufunguaji wa faili, kwa hiyo kwa kazi ya kuzuia skripti isijirudie mimi nashauri flock bila kusita.

```python
import os, sys

def fungua_faili(njia):
    return os.open(njia, os.O_RDWR | os.O_CREAT, 0o644)

if sys.platform == "win32":
    import msvcrt

    def funga(fd):
        os.lseek(fd, 0, os.SEEK_SET)
        msvcrt.locking(fd, msvcrt.LK_NBLCK, 1)

    def achia(fd):
        os.lseek(fd, 0, os.SEEK_SET)
        msvcrt.locking(fd, msvcrt.LK_UNLCK, 1)
else:
    import fcntl

    def funga(fd):
        fcntl.flock(fd, fcntl.LOCK_EX | fcntl.LOCK_NB)

    def achia(fd):
        fcntl.flock(fd, fcntl.LOCK_UN)
```

Anayeita anashika `OSError`, inatosha pande zote. Sasa vitu vya kuangalia humo. Natumia `os.open` makusudi kabisa, kwa sababu ukiandika `fcntl.flock(open("kazi.lock", "a"), ...)` bila kuhifadhi lile faili kwenye jina, CPython inaona hakuna anayelishika, inalifunga hapo hapo na kufuli linaondoka, kodi inaonekana nzima na haizuii kitu. Pia usifungue kwa "w", maana hiyo inafuta yaliyomo kabla hata hujapata kufuli, aliyelishika mwanzo anakuta faili lake tupu.

Windows ina mambo yake. `msvcrt.locking` inafunga kuanzia pale ulipo kwenye faili, idadi ya baiti ulizotaja, ndo maana narudi sifuri kabla ya kufunga na kabla ya kuachia, ukiachia kutoka sehemu nyingine inagoma. Ukitumia `LK_LOCK` badala ya `LK_NBLCK` inajaribu mara 10, kila jaribio sekunde moja, alafu inatupa OSError, haisubiri milele kama flock bila LOCK_NB. Na kufuli la Windows ni la lazima, prosesi nyingine haiwezi hata kusoma baiti zile, wakati la Unix ni la hiari, asiyeuliza anapita tu na kuandika. Kwa hiyo kama una wenzako wanaandika kwenye faili hilo hilo bila kuuliza kufuli, upande wa Linux hujakinga chochote.

resource na pwd

`resource.getrusage(resource.RUSAGE_SELF).ru_maxrss` inakupa kilele cha kumbukumbu iliyotumika, ila Linux inakupa kwa kilobaiti na macOS inakupa kwa baiti. Mara 1024 ya tofauti, kodi ile ile, hamna onyo lolote. Gawanya kwa 1024 pale `sys.platform == "darwin"`. Kuweka mipaka ni `setrlimit`, inachukua jozi ya kikomo laini na kikomo kigumu, ukishakishusha kigumu bila kuwa root hukirudishi juu tena, kwa hiyo ukijaribu jaribu kwenye prosesi ya pembeni. `resource.prlimit` inaweza kubadilisha mipaka ya prosesi nyingine lakini ni ya Linux tu.

Kwa pwd shida kubwa ni kontena. `pwd.getpwuid(os.getuid())` inatafuta mtumiaji kwenye orodha ya mfumo, na kontena nyingi zinaendeshwa na namba ya mtumiaji ambayo haijasajiliwa popote, unapata KeyError seva nzima inagoma kuwaka kisa ulitaka jina la kuandika kwenye logi. Shika KeyError, tumia namba yenyewe, endelea.

winreg

```python
import winreg

njia = r"SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion"
with winreg.OpenKey(winreg.HKEY_LOCAL_MACHINE, njia, 0,
                    winreg.KEY_READ | winreg.KEY_WOW64_64KEY) as k:
    thamani, aina = winreg.QueryValueEx(k, "CurrentBuild")
```

Ni `QueryValueEx`, ile isiyo na Ex inasoma thamani ya msingi ya ufunguo tu na karibu kamwe sio unachotaka. Hiyo flagi ya `KEY_WOW64_64KEY` iweke kama kodi yako inaweza kukutana na Python ya biti 32, bila hiyo Windows inakupeleka kimya kimya kwenye tawi la WOW6432Node na unasoma kitu kingine. Ukirudishiwa aina ya REG_EXPAND_SZ maandishi yanakuja na `%SystemRoot%` vile vile yalivyo, yapitishe kwenye `winreg.ExpandEnvironmentStrings`. Jua pia kwamba `mimetypes` kwenye Windows inasoma rejistri kimya kimya, kwa hiyo programu fulani ikiharibu ingizo la .js, seva yako ndogo ya majaribio itaanza kutuma JavaScript kama maandishi ya kawaida na kosa hutaliona kwenye kodi yako.

winsound haina mengi, `Beep` inakubali masafa kuanzia 37 hadi 32767, basi.

Hatua ya 5: angalia kama bado ipo

Hizi moduli zinakufa mfumo au hitaji lake likifa. Python 3.0 ya mwaka 2008 iliacha moduli nzima nzima za IRIX ya SGI na za Mac ya zamani. PEP 594 (pendekezo rasmi la mabadiliko ya Python) ikatangaza kuziondoa moduli 19, na toleo la 3.13 la Oktoba 2024 likaziondoa kweli, kati yake za mfumo mmoja ni crypt, spwd, nis, ossaudiodev na msilib. Kama una kodi inayotumia `crypt` kwa nywila, usitafute njia ya kuirudisha, kwa nywila mpya tumia `hashlib.scrypt` au laibrari ya argon2. Kabla hujapandisha toleo, tafuta hayo majina matano kwenye kodi yako yote kwa grep, ni kazi ya dakika moja.

Hatua ya 6: weka ukuta na upime pande zote

Usitawanye `if sys.platform` kila kona. Weka faili moja, mfano `mfumo.py`, humo ndo ziwe moduli zote za mfumo, programu iliyobaki iite `funga()` na `soma_kitufe()` bila kujua iko wapi. Ukitaka kuona inavyofanywa vizuri fungua `getpass.py` ya Python yenyewe, mwisho wa faili kuna jaribio la kuimpoti termios, ikishindikana msvcrt, ikishindikana tena wanaangukia njia ya kawaida, na ni kodi fupi sana.

Kuhusu `sys.platform` dhidi ya `try/except ImportError`, mi naanza na sys.platform kwa sababu mypy (kikaguzi cha aina za data kwenye kodi ya Python) inaielewa, inajua kwamba tawi la win32 halipaswi kukaguliwa ukiwa Linux, wakati `platform.system()` haiielewi hivyo. Try naiacha kwa pale ambapo moduli inaweza kukosekana hata kwenye mfumo wake, kama Python iliyojengwa kwa ajili ya WASI (mazingira ya kuendesha WebAssembly nje ya brauza). Alafu kagua mara tatu hata kama una mashine moja:

```
mypy --platform linux mfumo.py
mypy --platform darwin mfumo.py
mypy --platform win32 mfumo.py
```

Hii itakukamatia jina lililokosewa kwenye tawi ambalo mashine yako haijawahi kulipita. Ila tabia za keneli haiwezi kuziona, kufuli linaloondoka katikati ya kazi mypy italipitisha. Kwa hilo andika jaribio linalofungua prosesi mbili za kweli kwa `subprocess`, ya kwanza ishike kufuli na kulala sekunde tatu, katikati ya usingizi ifungue na kufunga lile faili mara moja, ya pili ijaribu kushika, na jaribio lipite pale tu ya pili inapokataliwa. Liendeshe kwenye Linux, macOS na Windows kila unapogusa `mfumo.py`.